Mkarafuu Hauna Mwisho wa Mwezi

Mwaka 2005 Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria na bado hajawa seneta wa Marekani, alitoa kitabu pamoja na binti yake, Amelia Warren Tyagi. Kitabu hicho ndicho kilichoeneza kanuni ambayo sasa inazunguka kwenye simu zetu kana kwamba imeshushwa: nusu ya kipato cha mwezi iende kwenye mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwenye matamanio, 20 kwenye akiba na madeni. Sina ugomvi na kanuni yenyewe. Lakini ina sharti ambalo wanaoisambaza hawalitaji, nalo ni kwamba mwezi uwepo.

Pemba mwezi wanao wachache: mwalimu, muuguzi, askari, karani wa serikali, na baadhi ya wafanyakazi wa maduka makubwa ya Chake Chake na Wete. Waliobaki hesabu yao inafuata bamvua, kusi na kaskazi, na msimu wa karafuu. Ukimwambia mtu wa Micheweni aweke akiba asilimia 20 ya kipato chake cha Machi, atakuuliza kwa adabu, kipato kipi? Ndiyo maana semina nyingi za elimu ya fedha zinapita kisiwani na kuacha vyeti tu. Zinafundisha tabia za mtu mwenye mshahara kwa watu ambao fedha zao hazijawahi kuja kwa mtindo huo, kisha zinamlaumu mkulima kwamba hana nidhamu.

Tuanze na mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika pwani ya mashariki ya Unguja. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba, na wengi wanaoulima ni wanawake. Maji yakitoka sana wakati wa bamvua ndipo wanaingia shambani, wanafunga mbegu kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi, na baada ya wiki sita hivi wanavuna, wanaanika na kuuza. Spinosum, aina inayostahimili, kwa miaka mingi imeuzwa kwa mamia ya shilingi tu kwa kilo kavu. Cottonii ina bei nzuri zaidi, lakini maji ya kina kifupi yakipata joto hufa. Kwa hiyo mama wa mwani hupata fedha kidogo kila baada ya wiki kadhaa, bei ikipangwa na mnunuzi. Mvuvi wa Kojani naye huenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, akarudi na fungu la wiki nyingi kwa mkupuo. Kusi likikaza, vyombo vidogo huvutwa pwani na mfuko hukauka.

Karafuu inawazidi wote kwa ukorofi. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana hupumzika, na mwenye shamba huweza kukaa misimu miwili au zaidi akiokota visivyojaza kikapu. Msimu ukifana, nyumba nzima huingia shambani, na serikali imewahi hata kufunga skuli ili watoto wakachume. Matumba huchumwa kabla ua halijafunguka, hutengwa na makonyo, huanikwa kwenye majamvi siku kadhaa mpaka uzito ubaki kama theluthi, kisha hupelekwa kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo kwa mujibu wa sheria ndilo mnunuzi. Kwa miaka kadhaa kilo ya daraja la kwanza ilikaa kwenye shilingi 14,000. Kwa bei hiyo gunia la kilo 50 lilikuwa shilingi 700,000, na mwenye miti mizuri huuza magunia kadhaa ndani ya wiki chache. Halafu ananyamaa kimya mwaka mzima, au miwili.

Hapo ndipo methali ya haba na haba inapoteleza. Kwa mchuuzi wa sokoni ni kweli tupu. Kwa mwenye mikarafuu haba haiji. Huja furiko, kisha ukame. Ujuzi anaouhitaji ni wa kuigawa fedha kubwa iwe ndogo nyingi, na huo ni mgumu kuliko kukusanya ndogo iwe kubwa, kwa sababu fedha kubwa ina mashahidi. Kijiji kizima kinajua fulani amepeleka karafuu kituoni. Na kwa kuwa miti mingi imerithiwa, kila gunia lina wenyewe: kaka aliyeko Dar es Salaam, shangazi aliyeko Mombasa, watoto wa marehemu. Bado hujamtaja mwenye duka na daftari lake.

Mwaka 2009 kilitoka kitabu cha Daryl Collins, Jonathan Morduch, Stuart Rutherford na Orlanda Ruthven, kilichojengwa juu ya kumbukumbu za fedha za familia maskini za Bangladesh, India na Afrika Kusini, zilizoandikwa kwa takriban mwaka mzima. Walichokiona wangekiona pia Konde au Kangagani. Familia hizo hazikuwa zikila kila kinachopatikana siku hiyohiyo; zilikuwa zikiweka, zikikopa, zikikopesha na kutunziana fedha muda wote, kwa njia nyingi kwa pamoja. Shida yao ilikuwa mara tatu: kipato kidogo, kipato kisicho na mpangilio, na vyombo vya kuhifadhia visivyolingana na mwendo wa kipato hicho. Wahubiri wa fedha huiona ya kwanza tu.

Kuna utafiti mwingine unaotuhusu hata zaidi. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha majaribio waliyofanya kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, ambao hulipwa mara moja baada ya mavuno. Watu walewale walifanya vibaya majaribio ya akili kabla ya mavuno, wakiwa wamebanwa, kuliko baada ya kulipwa. Wapo waliohoji ukubwa wa tofauti hiyo, na ni haki yao. Ila mtu yeyote aliyewahi kukaa na mwenye mikarafuu mwezi wa kubana, akamwona anavyofanya maamuzi, hahitaji kusafirishwa hadi India ili aelewe.

Maamuzi mabaya kuliko yote hufanywa katika mwezi huo, na Pemba yana historia ndefu. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho shamba kuu la karafuu. Wenye mashamba walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi juu ya mavuno yajayo, wakaweka ardhi rehani, bei ikianguka wakashindwa kulipa. Kufikia miaka ya 1930 deni lilikuwa suala la siasa. Mwaka 1934 serikali ya ukoloni ilitunga sheria za kuzuia ardhi isihamie kwa wakopeshaji na kukiimarisha Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichoundwa mwaka 1927. Sheria ya 1937 ilipokipa chama hicho mamlaka makubwa zaidi juu ya biashara, wafanyabiashara wa India walizigomea karafuu za Zanzibar mpaka yakafikiwa makubaliano mwaka uliofuata.

Wakopeshaji wale wameondoka, lakini mwezi wa njaa haukuondoka. Leo kuna kuuza karafuu mtini. Chukua mfano: mwezi wa nne mtoto amelazwa, au ada inadaiwa, na baba anahitaji shilingi 300,000. Jirani mwenye fedha anampa, kwa ahadi ya kilo 50 msimu ukifika. Kwa bei ya 14,000 ahadi hiyo ni 700,000. Ndani ya miezi minne au mitano amelipa 400,000 zaidi, na hakuna aliyetamka neno riba, maana imeitwa mauziano. Jambo la kushangaza ni kwamba fiqhi iliyafafanua haya zamani. Kuuza matunda ya mti maalumu kabla hayajaonyesha kukomaa kumekatazwa, haswa kwa sababu ya bahati nasibu iliyomo. Kuuza mazao ya baadaye kwa njia ya salam, yaani mkataba wa kulipa kwanza na kupokea mali baadaye, kunaruhusiwa, kwa masharti: kiasi kijulikane, sifa zijulikane, tarehe ijulikane, na bei yote itolewe papo hapo. Wengi wetu tunaokwepa benki kwa kuogopa riba tunaingia bila kusita kwenye mkataba wa mtini ambao shekhe wa mtaa angeukataa kwa dakika moja, kama tungemuuliza. Hatumuulizi, kwa kuwa tunajua atajibu nini.

Kwa hiyo, kwa mtu wa Pemba, lengo la kwanza la akiba lisiwe asilimia fulani ya kitu. Liwe kuununua mwezi wako wa nne. Kila nyumba ina mwezi wake wa nne. Kwa mama wa mwani huenda ni wakati mbegu zimekufa, kwa mvuvi ni kusi, kwa mwenye duka ni mara tu baada ya Idi. Mtu aujue kwa jina, apige hesabu inagharimu kiasi gani kuuvuka bila kugusa mti wala mbuzi, na kiasi hicho ndicho kitoke cha mwanzo siku ya kulipwa, kabla ya bati, kabla ya pikipiki. Akifanikiwa kwa hilo moja tu, faida anayoiokoa haipatikani kwenye akaunti yoyote ya benki nchini.

Aiweke wapi? Swali hili linadharauliwa, nami naona ndilo lenye uzito. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio la magharibi mwa Kenya. Waliwapa watu kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wake, ili waweke humo fedha za kununulia vitu vya afya. Kisanduku hicho, ambacho mwenyewe angeweza kukifungua saa yoyote, kiliongeza sana matumizi kwenye vitu vya afya. Fedha ikishapewa jina na pahala pake, mtu hupata cha kumjibu mwombaji: zipo, lakini ni za dawa. Bibi zetu walikuwa na kibubu. Tumekicheka bila sababu.

Kibubu lakini kina mipaka. Hakizidishi, kinaibika, na thamani ya shilingi inashuka ndani yake. Ndiyo maana wenye busara wanatawanya. Wanawake hununua dhahabu, ambayo humezwa na hali ngumu polepole na inaweza kuvaliwa wakati huohuo. Wengine hununua matofali, wakayapanga kiwanjani yakaota majani. Mtu wa mjini huona nyumba isiyoisha, lakini hiyo ni fedha ambayo binamu hawezi kuiazima. Ng'ombe naye ni akiba nzuri mpaka augue. Na siyo kila mali iliyofungwa ni salama: aliyeweka kila kitu kwenye matofali atalazimika kuuza karafuu mtini mtoto akiugua usiku, kwa kuwa hospitali haipokei tofali.

Chombo kilichofaulu kuliko vyote vijijini ni kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wengi wanakiita hisa. Mfumo wake uliandaliwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaletwa Zanzibar, kwa wanavijiji wa pembezoni mwa msitu wa Jozani, na Pemba nako ukashika. Watu kama ishirini au thelathini wanaojuana hukutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa moja mpaka tano, fedha zinahesabiwa mbele ya wote na kuwekwa kwenye kisanduku cha kufuli tatu, funguo zikikaa kwa wanachama watatu tofauti. Wanakopeshana, wana mfuko wa jamii wa msiba na maradhi, na mwaka ukitimia wanagawana. Watafiti waliorudi Zanzibar baada ya mradi kumalizika walikuta vikundi vimeongezeka, wanakijiji wakifundishana wenyewe kwa wenyewe. Ni nadra mradi wa wafadhili kusimuliwa hivyo.

Kilichofanya kazi ni mambo ambayo mwenye mshahara huyapata bila kuyaona: tarehe maalumu, kiasi maalumu, na watu watakaouliza mbona hukuja. Tarehe ya kugawana nayo inaweza kupangwa. Kikundi cha mwani kinachovunja sanduku wiki moja kabla ya skuli kufunguliwa kimefanya mpango wa fedha bora kuliko semina ya siku tatu. Lawama yangu ni hii: vikundi vingi bado vinagawana karibu na Idi, na sehemu nzuri ya mwaka mzima wa kujinyima inaishia kwenye nguo. Sisemi watu wasivae. Nasema tarehe ni uamuzi, na uamuzi huo uwekwe mezani.

Suala la riba lipo hapa pia, na halifai kupuuzwa kana kwamba ni ushamba. Mkopaji anapolipa nyongeza, hata ikirudi kwa wanachama wote, wapo wanaoiona ni riba na wapo wanaoiona ni mchango wa kikundi. Vipo vikundi vinavyokopesha bila nyongeza yoyote. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, ilifungua huduma za kibenki za Kiislamu mwaka 2011, mwaka uleule Amana Bank ilipoanza Tanzania Bara, kwa hiyo anayetaka pa kuweka fedha bila kuvunja imani yake anapo. Wamalesia walilijibu swali kama hili mapema: mwaka 1963, kutokana na pendekezo la mchumi Ungku Aziz, walianzisha mfuko wa kuwekea akiba ya Hija, wakiona wanavijiji wanauza ardhi na mifugo ili waende Makka kisha warudi mafukara. Pemba, ambako Hija ni ndoto ya kila mzee, mfano huo ungestahili kujadiliwa misikitini kuliko unavyojadiliwa sasa.

Kuhusu harusi, nitasema kinyume na wengi. Mchango wa harusi na wa msiba siyo upotevu kwa asili yake. Daftari la nani alitoa nini ni bima ya kijiji, na asiyetoa hana wa kumtolea. Kinachoumiza ni sare. Msimu wa karafuu ukiisha harusi hufuatana, na mwanamke mmoja anaweza kutakiwa anunue kitambaa cha harusi tatu ndani ya mwezi, kila moja na rangi yake. Mchango hurudi siku ya shida, sare hairudi. Mtu anaweza kuwa mtoaji mzuri wa mchango na mgumu kabisa wa sare, na jamaa watazoea, japo mwaka wa kwanza wataguna.

Tena nyumba ya Pemba ina mifuko miwili, jambo ambalo vitabu vya nje hukosea mara kwa mara vinapowashauri wanandoa wafungue akaunti moja. Kwa sharia mume ndiye mwenye jukumu la matumizi, na mali ya mke ni ya mke. Mwani ulipoingia, mfuko wa pili ukajaa kidogo, na kina mama wengi wakaanza kulipia madaftari, vitanda, hata mabati. Hatari ni kwamba mume naye alegeze kamba polepole, mpaka mfuko wa mke uwe ndio wa nyumba bila mtu kutamka. Mazungumzo ya wazi kuhusu nani analipa nini, mara moja kwa msimu, ni tabia ya fedha ambayo haimo kwenye kanuni yoyote ya asilimia. Na mkopo wa ndani ya familia uandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kushuhudisha, ilhali sisi tunaona haya kumwandikisha shemeji.

Nirudi kwa wenye mshahara, maana wao wana ugonjwa wao. Hati ya mshahara huwafungulia mkopo wa benki unaokatwa juu kwa juu miaka kadhaa, na mwalimu aliyejenga kwa mkopo huo amefanya jambo la maana. Aliyeutumia kwa gari la fahari ameuza miaka yake kama yule anayeuza mtini. Simu imeongeza njia fupi zaidi. Mikopo ya papo kwa papo, ile iliyobatizwa kausha damu, imeenea kiasi kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ada yake husemwa kwa wiki au kwa siku ili ionekane ndogo. Izidishe ufike mwaka, utaona.

Uzeeni, kwa Wapemba wengi, pensheni ilikuwa watoto na miti, mara nyingi ya zile eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wote waliofikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kiasi si kikubwa, lakini ni fedha ya kwanza yenye mwezi kuwafikia wazee wengi wa vijijini, na duka la jirani linaijua tarehe yake vizuri. Miti nayo imezeeka. Anayepanda miche leo, mkarafuu ukichukua miaka kadhaa kuzaa, anaweka akiba ambayo hakuna ndugu anayeweza kuja kuikopa.

Linabaki jambo ambalo haliko mikononi mwa mkulima peke yake, nalo ni jinsi anavyolipwa. Malawi, wakulima wa tumbaku ambao fedha za mauzo ziliingizwa moja kwa moja kwenye akaunti zao walitumia pembejeo nyingi zaidi msimu uliofuata. Utafiti mwingine wa hukohuko, uliochapishwa 2021, ulikuta karibu nusu ya wafanyakazi wa shamba la chai walikubali kwa hiari sehemu ya malipo yao icheleweshwe hadi mwisho wa msimu. Baadhi waliezeka mabati. Huko fedha ndogo ziligeuzwa kubwa; Pemba ingehitaji kinyume chake, kubwa igawanywe: mkulima kituoni aulizwe kama anataka yote leo, au sehemu aipokee Januari skuli zikifunguliwa na sehemu nyingine mwezi wa nne. Kiteknolojia ni kazi ndogo. Kikwazo ni kumbukumbu. Kwa miongo kadhaa mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, na magendo ya kwenda Kenya yalikuwa jibu lake. Bei ilipandishwa kwa kishindo mwaka 2011 na serikali ikaahidi asilimia 80 ya bei ya soko la nje, lakini mnunuzi alibaki mmoja. Mtu aliyekulia katika hali hiyo hataacha shilingi zake kwa mnunuzi huyohuyo mpaka Aprili, hata akiapiwa. Huenda akaziacha benki, kwa jina lake, karatasi ikiwa mkononi. Au atazipeleka kwenye sanduku la kufuli tatu, ambako angalau anawajua wenye funguo na nyumba wanazolala.